Ukuta wa Zamani Hautaki Saruji

Mwanza ilianza kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1892, ikapanuka reli ilipofika ziwani mwaka 1928. Biashara ya pamba ilileta watu, na watu wakajenga. Baadhi ya nyumba zao bado zipo katikati ya jiji: duka mbele, makazi nyuma, baraza inayotazama barabara, na juu ya mlango mwaka wa ujenzi umechorwa kwenye lipu. Nje ya jiji kuna majengo ya misheni ya Bukumbi na kasri la watemi la Bukindo, Ukerewe. Huu ni urithi wetu sote, na sehemu yake kubwa inaharibiwa na ukarabati unaofanywa kwa nia njema kabisa. Ufa unaonekana, fundi anaitwa, saruji inapigwa.

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji iliagizwa kutoka nje ya nchi, nayo ilikuwa ghali, hivyo mafundi wengi waliunganisha mawe au matofali kwa udongo au chokaa. Kwangua kiungo kati ya mawe mawili kwa sarafu. Kikimomonyoka na kuacha unga, hicho ni chokaa au udongo. Sarafu ikiteleza bila kuacha alama, kuna saruji, na huenda iliongezwa baadaye.

Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa kupitia lipu jua likiwaka. Ukiufunika kwa saruji unaziba njia ya kutokea. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Nyumba ikicheza kidogo tu, saruji inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa na kushindwa kutoka. Udongo wa ndani unalainika, mbao za juu ya milango zinaoza, mchwa wanafuata unyevu. Kwa nje nyumba inapendeza, huku sehemu ya chini ya ukuta ikigeuka tope nyuma ya lipu. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi, lipu imeshaachana na ukuta.

Miongozo mingi ya kuhifadhi majengo ya pwani, kama ya Zanzibar au Bagamoyo, inahangaika na chumvi ya bahari. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo ule unga mweupe wa chumvi unaotoka kwenye kuta hapa una vyanzo vingine: ardhi iliyo chini ya msingi, mashimo ya choo yaliyo karibu, na saruji yenyewe. Usiupake rangi. Ufagie ukiwa mkavu, uutupe mbali. Ukiuosha kwa maji unayeyuka na kurudi ndani ya ukuta.

Kabla ya kugusa lipu, tafuta maji yanatoka wapi. Mwanza ni mji wa majabali, na mvua inayopiga jabali haina pa kuzama. Inateremka yote kwenye nyumba za chini. Chimba mfereji upande wa mlima, uinamishe angalau sentimita 2 kwa kila mita. Rekebisha gata. Ondoa udongo uliorundikana ukutani hadi uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hadi 20. Kwa majengo ya karibu na ufuko, kumbuka kwamba ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na maji ya ardhini hupanda pamoja nalo. Kazi hii ya maji ikifanywa vizuri, mara nyingi nusu ya tatizo huisha.

Kisha bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, patasi ikiwa imelala. Mashine ya kutoboa inatikisa viungo vyote. Pale saruji iliposhika kiasi cha kung'oa jiwe, iache. Ukuta ukae wazi ukauke kiangazi chote, Juni hadi Septemba, huku ukikingwa dhidi ya mvua za ghafla.

Chokaa ya mfuko inayouzwa madukani kwa kawaida imekwisha kuzimwa, yaani imeshakutanishwa na maji kiwandani, lakini ikikaa muda mrefu hunyonya hewa na kupoteza nguvu. Ipime: weka kijiko kimoja kwenye kikombe, kamulia limau. Ikitoa povu jingi, imekufa, itafaa kuchora mistari ya uwanja wa mpira. Ikiwa nzima, weka maji kwenye pipa, mimina chokaa juu yake, koroga, acha maji yafunike kwa sentimita 5, funika pipa. Wiki mbili ndiyo pungufu. Miezi mitatu ni bora. Chokaa hai, ile ya mabonge, huchemka ikikutana na maji, hivyo tumia pipa la chuma na miwani, na utie chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 mfululizo, kisha nenda hospitali.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe kubwa na ndogo zinazokwaruza kiganja. Ule wa ufukweni mara nyingi una chembe laini za ukubwa mmoja, haushikani vizuri. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Jaza mchanga theluthi ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, subiri saa moja. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya kina cha mchanga, uoshe.

Changanya ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa pipani kwa ndoo 3 za mchanga. Kipimo hicho kina sababu: nafasi kati ya chembe za mchanga ni karibu theluthi ya ujazo wake, na chokaa inapaswa kuzijaza. Ukizidisha chokaa, lipu inapasuka, ukipunguza, inapukutika. Usiongeze maji ovyo, ponda na kugeuza hadi mchanganyiko ushike kwenye mwiko uliopinduliwa.

Viungo vilivyolegea vikwanguliwe kina cha sentimita 2 hadi 3, vilowanishwe, vishindiliwe. Penye uwazi mkubwa sindika vijiwe. Lipu ipigwe kwa tabaka zisizozidi milimita 10, kila moja ikwaruzwe na kuachwa angalau wiki moja kabla ya inayofuata. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu, kwa sababu wamezoea saruji inayokauka kesho yake. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, karibu milimita moja kwa mwezi, na bila unyevu haikomai. Upepo wa ziwa na jua kali vikiikausha siku ya kwanza, utabaki na unga. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta, uyanyunyizie asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7.

Mwisho piga niru, yaani chokaa iliyozimuliwa kwa maji, nyepesi kama maziwa, mikono mitano au zaidi. Rangi ya plastiki inaziba ukuta upya.

Piga picha za kila upande kabla ya kuanza, hasa maandishi na nakshi. Ulizia kibali halmashauri, na kama jengo linalindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, wasiliana kwanza na Idara ya Mambo ya Kale. Kabla ya kumkabidhi fundi nyumba nzima, mpe mita moja ya mraba kwenye ukuta wa nyuma, usubiri vuli ipite, kisha ukaigonge.