Mtu wa Mlimani Anayesomea Bahari

"Meku, wewe mtu wa Kibosho, huku Kilimanjaro, bahari umeijulia wapi?" Swali hili haliishi pale ninapokunywa chai, jirani na soko la Mbuyuni. Mawimbi yenyewe siyapimi, kazi hiyo ina wenyewe. Mimi wa sayansi ya jamii nachunguza watu: onyo la kimbunga au tsunami likitolewa, nani alipata habari, nani aliiamini, nani alikuwa na pa kukimbilia.

Huwa nawajibu kwa habari za kihamba, shamba la ukoo la sisi Wachagga. Ukipata ujumbe kwenye simu jioni hii kwamba uache migomba, ng'ombe wa zizini na makaburi ya babu zako, ukalale darasani shule ya kata, utatoka? Kimya. Halafu mmoja anauliza, "Na ng'ombe atabaki na nani?" Basi, somo limeanza. Mvuvi wa Kilwa naye ana mashua, ana nyavu za mkopo, na anajua nyumba iliyoachwa wazi huingiliwa.

Chukua Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Sisi huku tulikuwa mlimani na nyama ya Krismasi. Tetemeko la Sumatra lilipiga saa 9:58 usiku kwa saa zetu, na tsunami ikachukua saa nyingi kufika kwetu. Kenya polisi waliwatoa watu ufukweni, akafa mtu mmoja. Tanzania walikufa wasiopungua 10, wengi wao wakiogelea. Bahari ilikuwa moja, na muda wa kutosha ulikuwepo pande zote mbili. Kilichopungua ni mtu wa kuichukua habari na kuifikisha mchangani.

Bangladesh ndiyo hunikalisha muda mrefu zaidi. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 wakaanza mpango wa watu wa kujitolea, wanaopita vijijini na bendera na vipaza sauti. Hata hivyo, 1991 walikufa tena kama 138,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Onyo lilikuwa limetolewa. Lakini mwanamke anayesubiri kauli ya mume, ana watoto mikononi, na kule kwenye jengo la kujikinga watu wamebanana wake kwa waume bila faragha, atatoka saa ngapi? Haya hayaonekani kwenye picha ya setilaiti. Wakaongeza majengo ya kujikinga, wakaongeza wanawake kwenye vikundi. Kimbunga Sidr cha 2007, kikali sana, kiliua zaidi ya 3,000. Bado ni wengi, ila linganisha mwenyewe.

Sasa kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti za Dar na Zanzibar zikasimama. Kimbunga kikaingia Mafia, kikaishiwa nguvu. Wengi wa Dar hawakuona walichokitarajia, na mizaha ikajaa mitandaoni. Wakati huohuo mvua ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, na aliyekwama huko hakuwa na hamu ya kucheka.

Wenzangu waliipuuza ile mizaha. Mimi niliihifadhi, mingine naicheka mpaka leo (kuna mmoja wa kimbunga kukwama foleni Mbagala). Nataka kuwarudia waliokuwa wakiisambaza, niwaulize jambo moja tu: likitangazwa onyo jingine kesho, mtafunga duka?