Mtumbwi wa fito ni nini?

Mtumbwi wa fito huundwa kwa vijibao vyembamba na virefu, yaani fito, vinavyogundishwa ukingo kwa ukingo mpaka vifanye umbo zima, kisha huvikwa kitambaa cha faibaglasi (nyuzi za kioo) kilicholoweshwa epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili inayoganda ikichanganywa, nje na ndani. Hauchongwi kwenye gogo, wala hauna mataruma. Mbao ni kiini tu. Kazi yake ni kuziweka mbali ngozi mbili za faibaglasi. Mtumbwi ukigonga jiwe, ngozi ya ndani ndiyo inayovutwa. Kwa hiyo anayepaka vanishi tupu upande wa ndani ili apunguze uzito anaunda chombo kitakachopasuka.

Kwa safari ya mawindo, urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 90 unafaa: watu wawili, mizigo, na mnyama wa kurudi naye. Kitako kiwe na mviringo hafifu. Kilicho bapa kabisa hutulia majini, lakini mtumbwi ukiinama sana hupinduka ghafla.

Fito hupasuliwa kwenye mbao nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka, mwerezi ukiwa bora, kwa unene wa milimita 6 na upana wa 20 hivi. Andaa 70, na za akiba. Fremu za plaiwudi, za kushika umbo wakati wa kuunda tu, husimamishwa juu ya boriti iliyonyooka, moja kila sentimita 30. Pima mstari wa katikati kwa uzi kabla ya ufito wa kwanza, kwani fremu iliyopinda huacha kombo ambalo msasa hauliondoi. Funika kingo za fremu kwa utepe wa plastiki, la sivyo gundi itazishika.

Gundi ya fito ikishakauka, ziparuze kwa randa na msasa, lakini usizidishe: kila milimita unayoiondoa inapunguza ugumu wa ubavu.

Epoksi ndiyo inayowashinda wengi. Pima sehemu zake mbili kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji. Kuongeza sehemu ya kugandisha hakuharakishi kitu, huacha tabaka laini lisilokauka. Paka joto la chumba likiwa linashuka. Likiwa linapanda, hewa iliyo ndani ya mbao hutanuka na kutoka kama mapovu chini ya kitambaa. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha, na kitako kiongezewe tabaka la pili kwa nje, maana mtumbwi wa mwindaji huburutwa kwenye changarawe. Tabaka la kwanza la epoksi hulowesha; mawili yanayofuata huziba vinyweleo vya kitambaa. Ukipiga msasa kabla havijajaa, unakata nyuzi zenyewe. Vaa glavu, na barakoa ya vumbi wakati wa msasa.

Kisha hufuata mbao za ukingo wa juu, pau za kukaza, na viti, ambavyo viwe chini ili uzito usipande. Malizia kwa vanishi ya kuzuia jua, kwani epoksi iliyo wazi huchakaa juani. Chagua isiyong'aa; mng'ao huwashtua bata kutoka mbali.

Mkwaruzo ukifika kwenye mbao, kausha kabisa kabla ya kubandika kiraka. Maji yakifungiwa humo, mbao huoza na ngozi hubanduka.