Singer hakuvumbua cherehani

Kila nikifungua cherehani kuukuu, hakosi mtu wa kusema: "Huyu Singer alikuwa na akili kweli, kuvumbua kitu kama hiki!" Nimechoka kunyamaza. Isaac Singer hakuvumbua cherehani. Alipopata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, Agosti 12, 1851, mashine za kushona zilikuwapo miaka mingi.

Za mwanzo nazipitia haraka. Mwaka 1790 Mwingereza Thomas Saint alisajili mchoro wa mashine ya kushonea ngozi, ila hakuna uthibitisho kwamba aliwahi kuiunda. Mfaransa Barthélemy Thimonnier yeye aliunda kweli, na mashine zake zikawa zinashona sare za jeshi Paris, hadi washonaji waliohofia riziki yao walipovamia karakana wakazivunja. Wote wawili walitumia uzi mmoja, mshono wa mnyororo. Ukiuvuta uzi kutoka mwisho wake, mshono mzima unafumuka.

Sasa sindano, maana hapa ndipo kila mtu anaporuka. Chomoa sindano ya cherehani uilaze kando ya sindano ya mkono. Ya mkono tundu lake liko kichwani. Ya cherehani liko karibu na ncha. Kwa hiyo haina haja ya kupita yote upande wa pili. Inatoboa, inashusha uzi, na ikianza tu kupanda, uzi unalegea na kufanya kitanzi kidogo kando ya tundu. Kitanzi hicho kinadakwa papo hapo, uzi wa bobini, ule wa chini ya kitambaa, unapita ndani yake, na nyuzi mbili zinafungana katikati ya kitambaa. Kikikosa kudakwa, mshono umeruka. Ndiyo maana ukiniletea cherehani inayoruka mishono, naangalia kwanza kama sindano imepinda au imewekwa kinyume, kabla sijagusa skrubu hata moja.

Aliyeunganisha sindano hiyo na uzi wa pili ni Walter Hunt wa New York, mwanzoni mwa miaka ya 1830. Mtu wa ajabu huyu! Alibuni kitu baada ya kitu, kisha akaviachia. Pini ya usalama ni yake, hataza ya 1849, na haki zake aliziuza kwa dola 400. Cherehani hakuiombea hataza wakati ule. Mmarekani mwingine, Elias Howe, akaja na mfumo kama huo, akapata hataza 1846, na Hunt alipojitokeza kudai alikuta amechelewa. Hapa mimi mwenyewe nasitasita: aliyetangulia akaacha kazi ilale, tumwite mvumbuzi? Nikilazimishwa kuchagua, namtaja Hunt.

Singer apewe sifa zake, si za wenzake. Kwenye mashine ya Howe kitambaa kilining'inizwa wima kwenye pini, na baada ya kipande kifupi ulisimama ukakipachika upya. Singer alikilaza mezani, akaisimamisha sindano iliyonyooka, akaongeza mguu wa kubana kitambaa na kanyagio. Kisha kampuni yake ikauza kwa malipo ya awamu, na hilo ndilo lililoingiza jina lake majumbani.

Lakini kwa ile sindano na ule mshono, Howe alimshtaki akashinda, 1854. Na tangu watengenezaji wakubwa walipounganisha hataza zao mwaka 1856, Howe alikuwa akilipwa kwa mashine zilizouzwa, za Singer zikiwemo, hadi hataza yake ilipoisha mwaka 1867.