Mbwa mwenye nguvu nyingi hatulii kwa kukimbizwa tu

Anayempokea mbwa mchanga aliyeokolewa, amtunze hadi apate nyumba ya kudumu, huambiwa: "Mkimbize mpaka achoke, atatulia." Si kweli. Mbwa anayekimbizwa kila siku hujenga pumzi na misuli kama mwanariadha. Baada ya wiki chache mbio za jana hazimtoshi, na kutulia bado hajajifunza.

Tena mara nyingi huyo anayerukaruka na kung'ata mikono jioni amechoka kupita kiasi, kama mtoto aliyekosa usingizi. Mbwa mchanga huhitaji kulala zaidi ya nusu ya siku, na aliyetoka kwenye kelele za kituo cha kutunzia mbwa waliookolewa huenda hajapumzika vizuri kwa muda mrefu. Mpe kona tulivu, wageni wasubiri.

Kinachomchosha vizuri ni kazi ya pua. Mtawanyie chakula nyasini akitafute, na mkitembea mwache anuse hata kama hamfiki mbali. Kisha, na hili nalisisitiza kuliko yote, utulivu wenyewe hufundishwa: kila anapojilaza bila kuambiwa, mwekee kipande cha chakula kimyakimya kati ya miguu ya mbele, uondoke.