Kwa nini "kiazi" haikupata "viazi": faharasa katika Oak

Masika yakiwa yameshika Uporoto, bibi shamba mmoja alinipigia simu. "Kaka, nimeandika 'kiazi', mfumo unasema hakuna kitu. Na kipeperushi cha ukungu wa viazi nilikiona kwa macho yangu wiki jana." Kilikuwapo kweli. Ila humo ndani kimeandikwa "viazi" mwanzo hadi mwisho, na faharasa niliyoitengeneza haikujua kwamba ni zao lilelile.

Natunza hifadhi ya nyaraka za ushauri wa kilimo hapa Mbeya: vipeperushi, ripoti za mashamba ya majaribio, picha za majani yenye ugonjwa. Vyote vimo ndani ya Apache Jackrabbit Oak, hifadhi ya maudhui ya Java inayofuata kanuni za JCR, yaani kiwango cha Java cha kuhifadhi na kutafuta maudhui. Nyaraka zimepangwa kama mti: tawi la zao, chini yake mwaka, chini yake waraka na sifa zake.

Sisi tuliotoka Jackrabbit 2, mtangulizi wa Oak, tulizoea kudekezwa. Kule kila kilichoingia kiliwekewa faharasa bila kuombwa. Oak inakuachia wewe uamue. Ukiuliza jambo lisilo na faharasa, inapita nodi, yaani vipande vya ule mti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mchele wa Kyela pale Mwanjelwa kwa kufungua kila gunia. Nyaraka zikiwa chache huoni tatizo. Zikifika maelfu, logi ya seva inajaa maonyo na mtumiaji anabaki anatazama skrini.

Kwa hiyo, kabla hujatengeneza chochote, weka neno explain mbele ya ulizo lako. Oak itakuonyesha njia iliyochagua. Kila faharasa hutoa makadirio ya gharama, na yenye gharama ndogo ndiyo inayotumika. Ukikuta traverse, yaani kupita nodi moja moja, ujue hakuna iliyofaa.

Faharasa yenyewe ni nodi tu, inakaa chini ya /oak:index, na aina yake ni oak:QueryIndexDefinition. Mimi natumia za namna mbili. Ya property huandikwa papo hapo waraka unapohifadhiwa, nayo inaweza kukataa thamani iliyojirudia, ndiyo maana nimeiweka kwenye namba ya waraka. Mengine yote nimeyapa faharasa ya lucene, inayotumia Lucene, maktaba ya Java ya kutafuta maneno ndani ya maandishi. Hii ikiwekewa async huandikwa baadaye kidogo, kwa kawaida kila baada ya sekunde 5, hivyo waraka uliohifadhi sasa hivi unaweza kuchelewa kuonekana kwenye utafutaji.

Nashauri kwa moyo wote: tengeneza faharasa moja pana kwa kila aina ya waraka, usitengeneze mpya kila ulizo jipya linapozaliwa. Ndani ya indexRules taja aina ya nodi, kisha orodhesha sifa ambazo watu huzitafuta kweli. Zao na wilaya nimezipa propertyIndex, ili zitafutwe kwa thamani yake. Tarehe nimeiongezea ordered, maana maafisa ugani wanataka kipya kije juu. Bila hiyo Oak italazimika kupanga majibu yenyewe kwenye kumbukumbu ya seva. Na kama maulizo yako hubana tawi fulani la mti, washa evaluatePathRestrictions. Niliisahau mwanzoni, ikawa anayetafuta ndani ya kahawa analetewa kwanza orodha ya mazao yote, kisha inachujwa.

Sasa nirudi kwa bibi shamba. Lucene ina vichujio vya kupunguza maneno hadi kwenye shina kwa lugha nyingi, ila cha Kiswahili hakimo. Na cha Kiingereza hakitusaidii, kwa sababu kinakata mwisho wa neno, ilhali Kiswahili hubadilika mbele: kiazi, viazi, mkulima, wakulima, ugonjwa, magonjwa. Wazo la kwanza la wengi ni kuweka nyota mbele, yaani *azi. Linafanya kazi, ila ni ghali, kwani maneno ndani ya Lucene yamepangwa kuanzia herufi ya kwanza. Ukiificha hiyo, inabidi yakaguliwe yote. Isitoshe *azi italeta na kazi, na radhi ya mtumiaji utaikosa.

Nilichofanya ni kujenga kichanganuzi changu ndani ya faharasa, chini ya nodi ya analyzers: tokenizer ya Standard inayokata maandishi kuwa maneno, kichujio cha LowerCase kinachogeuza herufi kuwa ndogo, halafu cha Synonym chenye faili la maneno pacha. Kila mstari una umoja na wingi wake. Mbegu na mbolea hazihitaji mstari, hazibadiliki. Vitenzi nimeviacha kwanza. Anapanda, ukipanda, na walipopanda vingejaza faili bila mwisho, na watu wengi hutafuta kwa nomino.

Ukibadilisha faharasa, mabadiliko hayafanyi kazi mpaka uijenge upya kwa kuweka reindex kuwa true. Kazi hiyo ikiendelea, faharasa nyingine za njia ileile ya async husubiri, kwa hiyo naifanya usiku.

Jana niliongeza mche na miche, kwa ajili ya watu wa parachichi wa Rungwe. Leo asubuhi "kiazi" na "mche" zote zimejibu, na bibi shamba nimeshamtumia ujumbe ajaribu mwenyewe.