Chupa ya kioo saa kumi alfajiri: kazi zinazoendesha kambi ya ndege za jeshi

Zamu yangu ilikuwa ikianza na chupa ya kioo. Saa kumi alfajiri, marubani wakiwa bado wamelala, nafungua koki iliyo chini kabisa ya tangi la boza, lori la kubebea mafuta ya ndege, nakinga mafuta, nafunga kifuniko, kisha naizungusha chupa kwa mkono mpaka mafuta yazunguke kama maji yanayoingia shimoni. Naiinua mbele ya tochi. Kama kuna maji, matone yake hushuka na kukusanyika katikati ya kitako, yakimetameta. Kama kuna mchanga au kutu, navyo hutulia hapo hapo. Mafuta mazuri hayana la kukuonyesha, mwanga wa tochi unapita tu.

Baada ya hapo kuna kipimo cha pili: bomba la sindano lenye karatasi ya manjano mdomoni. Unavuta mafuta kidogo. Karatasi ikigeuka kijani, yamo maji ambayo jicho halikuyaona, na boza lile haliendi kwenye ndege yoyote, hata anayeagiza awe nani.

Nilitumikia jeshi la anga kwenye kikosi cha mafuta, na miaka mingi niliimalizia kwenye kambi za muda, zile ambazo ndege huhamishiwa kwa miezi kadhaa kwa ajili ya operesheni. Leo uwanja ni lami na majani makavu. Baada ya wiki mbili kuna mji wa mahema, jenereta zinazonguruma usiku kucha na foleni ya kuoga. Watu nikiwasimulia hutaka habari za rubani. Rubani anaruka saa mbili, tatu, anarudi, anaandika ripoti, analala, na analala kwa amri, maana mapumziko yake yamo kwenye kanuni. Sisi wengine tulikuwa na zamu za saa kumi na mbili, na ukiniuliza tulikuwa tukifanya nini muda wote huo nitakujibu kwamba tulikuwa tunahesabu. Kila mtu kambini ana kitu chake anachokihesabu, na ndege hairuki mpaka hesabu zote zikubaliane.

Hata saa yenyewe ni hesabu. Sisi wa Kiswahili tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza. Saa ya ukutani inaanza usiku wa manane. Daftari la kambi nalo linaandikwa kwa saa ya Greenwich, ambayo wanajeshi na wanaanga huiita Zulu, ili kambi mbili zilizo mbali zisiandike saa mbili tofauti kwa safari moja. Kuruta akiambiwa boza liwe tayari saa tatu, swali lake la kwanza liwe: saa tatu ya nani? Nimewahi kukuta boza limesimama peke yake kwenye maegesho saa sita nzima kabla ya wakati, dereva amelalia usukani, kwa sababu hakuuliza.

Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo hasa. Mafuta yanapakuliwa yakiwa safi, sasa maji yanatoka wapi? Yanatoka hewani. Tangi lililojaa nusu linapumua: mchana linapata joto, usiku linapoa, na unyevu wa hewa iliyo juu ya mafuta unageuka matone, yanateleza ukutani na kuzama, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta. Huku chini hayamdhuru mtu. Juu kabisa, ambako baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri, matone yale yanaganda na kuziba chujio la injini. Mafuta yenyewe ya aina ya Jet A-1 hayaruhusiwi kuanza kuganda kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri. Yale ya kijeshi yaitwayo JP-8 ni hayo hayo yaliyoongezwa dawa: ya kuzuia barafu, ya kuzuia kutu na ya kupunguza umeme tuli.

Halafu kuna kuvu. Pale maji yanapokutana na mafuta huota kuvu anayekula mafuta ya ndege na kunawiri. Nimefungua chujio nikakuta ute wa kahawia unaovutika kama mlenda, na harufu yake ikanikaa kwenye glavu siku mbili. Tangazo la kujiunga na jeshi halikutaja jambo hilo.

Umeme tuli nao una utaratibu wake. Mafuta yakipita kwa kasi kwenye mpira na kwenye chujio yanazalisha chaji, na chaji ikikosa njia inaruka kama cheche. Kwa hiyo kabla hujagusa mpira wa mafuta, unaunganisha waya kutoka kwenye boza hadi kwenye mwili wa ndege. Waya huo ndio wa kwanza kuunganishwa na wa mwisho kuondolewa, na sikumvumilia kuruta aliyebadilisha mpangilio huo, hata kwa mzaha.

Kisha tunafika kwenye kilo na lita. Boza linapima lita, rubani anataka kilo, kwa sababu ndege inabeba uzito. Lita moja ya mafuta ya ndege ina kama kilo 0.8, lakini joto likipanda mafuta yanatanuka na lita ile ile inakuwa nyepesi. Kila aliyeingia kwenye kikosi changu nilimketisha chini nikamsimulia kisa cha tarehe 23 Julai 1983. Boeing 767 ya Air Canada ilitakiwa iondoke na kilo 22,300 za mafuta. Vipimio vya ndani ya chumba cha marubani vilikuwa vimeharibika, kwa hiyo wakapima matangi kwa vijiti na kukuta lita 7,682 zimo. Hapo wakazidisha kwa 1.77, uzito wa lita moja kwa ratili (paundi), badala ya 0.803, uzito wake kwa kilo. Walipaswa kuongeza lita 20,088. Wakaongeza 4,917.

Injini zote mbili zilizima hewani. Rubani aliielekeza ndege, ikiwa kimya, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Kanada, na kumbe njia yake ya kurukia ilikuwa imegeuzwa ya mbio za magari na siku hiyo watu walikuwa pale na watoto wao. Watu wote 69 waliokuwamo walipona, na hakuna aliyekufa chini. Nikimaliza kisa nampa kuruta karatasi na penseli afanye hesabu ile mara mbili, ya kosa na ya sahihi, mpaka apate namba zote mbili. Kilichokuwa kikiwashtua zaidi ni kwamba hesabu ya kosa nayo inatoka vizuri tu, bila dalili yoyote ya ubaya.

Fundi wa ndege ana hesabu kali kuliko yangu. Sanduku lake la vifaa lina sponji iliyochongwa umbo la kila kimoja: spana ina kitanda chake, bisibisi ina chake, hata tochi. Kikikosekana kimoja, unaona shimo. Usiku mmoja, saa saba hivi, boza langu likiwa limeshajaa na limepimwa, nilimwona fundi kijana amesimama mbele ya sanduku lake, hasogei. Akaenda kwa mkuu wa zamu.

"Afande, soketi ya kumi haipo."

Mkuu wa zamu hakupandisha sauti. Aliuliza kijana amegusa ndege zipi, akaambiwa nne, akachukua redio na kuzifunga zote nne. Soketi ya milimita 10, kile kichwa cha spana cha kufungulia nati, ni ndogo kama kidole gumba, lakini ikiwa imebaki karibu na nyaya zinazoendesha usukani, au kwenye mdomo wa injini, inatosha kuiangusha ndege. Tulishuka watu kumi na wanne, wengine kutoka vitandani, tukapiga magoti na tochi na vioo vidogo vya kuchungulia. Tuliitafuta saa nne. Ilipatikana kwenye mfuko wa koti la mvua ambalo kijana alimwazima mwenzake aliyekuwa ameshamaliza zamu na kulala fofofo. Safari ya alfajiri ilichelewa, simu zilipigwa kutoka juu, na kijana alikuwa akitetemeka. Mkuu wa zamu alimwambia maneno mawili matatu tu: "Umefanya vyema kusema. Sasa kaandike." Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora ya uongozi niliyoiona jeshini, maana angemfokea, soketi ijayo ingepotea na asingesema mtu.

Kukipambazuka, wote wasio na kazi ya haraka, awe karani, mpishi au meja, wanajipanga mstari bega kwa bega na kutembea polepole kwenye maegesho na njia za ndege, macho chini. Wanaokota. Parafujo, kokoto, kipande cha waya, kijiko cha plastiki. Injini ya jeti inafyonza kila kilicho mbele yake, na tairi la ndege linalozunguka kwa kasi halisamehe chuma. Tarehe 25 Julai 2000, Paris, kipande cha chuma kisichofika nusu mita kilidondoka kutoka ndege moja. Concorde iliyofuata dakika chache baadaye ikakikanyaga, tairi likapasuka, vipande vikapiga bawa lenye tangi la mafuta. Walikufa watu 113. Mimi asubuhi moja niliokota kifuniko cha kalamu, nikakigeuza, nikakitambua kwa alama za meno. Kilikuwa changu. Tangu siku hiyo nikawa naandikia kalamu isiyo na kifuniko.

Wengine nitawapitia haraka, si kwa dharau. Mtu wa hali ya hewa anatoa joto, upepo na mgandamizo wa hewa kila saa, na kwenye joto kali namba zake zinamnyima usingizi mpakiaji, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia, na mara nyingi jibu ni kushusha mzigo. Mpakiaji naye anafanya kazi na sinia za alumini zinazobeba hadi kilo 4,536 kila moja, na asipouweka uzito mahali pake, pua ya ndege itamwonyesha kosa lake baada ya magurudumu kuachana na lami. Zimamoto wanakaa ndani ya buti na suruali zao za kazi. Viwanja vya kiraia vinawataka wafike popote kwenye njia ya kurukia kwa dakika mbili, zisizidi tatu, na niliowafahamu walijipima kwa saa ya mkononi. Watu wa oksijeni wana kibanda chao mbali na sisi. Oksijeni iliyogeuzwa kimiminika iko kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri na haipatani kabisa na mafuta wala grisi, kwa hiyo mtu wa mafuta akisogea pale na buti zake zilizolowa anafukuzwa kama mwizi. Nilifukuzwa mara mbili.

Mpishi, fundi bomba wa maji ya kunywa, mhudumu wa afya na mfuaji wanahesabu vichwa. Tumbo likiwaharibikia mafundi watano kwa siku moja, ndege zinabaki chini sawasawa na kama mafuta yameisha. Lakini niseme ukweli, kambini mtu wa kwanza kulaumiwa ni mpishi na wa mwisho kushukuriwa ni mpishi.

Anayetaka kuona ukubwa wa mnyororo huu aangalie usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1982. Waingereza walitaka kuushambulia uwanja wa Stanley, visiwa vya Falkland, wakitokea kisiwa cha Ascension, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000. Ili ndege moja ya mabomu aina ya Vulcan ifike na kurudi, ziliruka ndege 11 za kujaza mafuta hewani, baadhi zikizijaza nyingine. Vulcan iliyopangwa kwenda ilirudi mapema kwa sababu dirisha lake la pembeni lilikataa kuziba, ikaenda ya akiba. Nikisoma habari hiyo siwazi mabomu. Nawaza ni nani aliyejaza ndege zote zile kwa mfululizo, gizani, na daftari lake lilikuwaje asubuhi.

Daftari langu linafungwa saa kumi jioni. Nashusha kijiti ndani ya kila tangi, nasoma, nasoma joto, narekebisha hesabu ya lita iwe ya joto la nyuzi 15 kama kanuni inavyotaka, nalinganisha na lita tulizotoa. Anayenipokea anasimama pembeni na kusoma kijiti mwenyewe, hachukui namba yangu. Jioni moja tofauti ilitoka lita 60, tukapima tena, ikatoka ile ile. Tulizunguka bomba zima na tochi, kiungo kwa kiungo, mpaka kwenye vali ya mwisho, ambako mchanga ulikuwa na doa jeusi kubwa kama sinia. Nikamsaidia kuchimba, kisha nikaenda kula wali uliopoa.