Je, wajua? "Mwezi" ulio kwenye viungo vya mwili kwa Kichina si mwezi

Anayejifunza maneno ya mwili kwa Kichina hukutana nalo mapema: uso ni 脸 (liǎn), mguu 腿 (tuǐ), ini 肝 (gān), mapafu 肺 (fèi). Yote yana 月 upande wa kushoto. Alama hiyo ikisimama peke yake husomwa yuè, yaani mwezi, wa angani na wa kalenda pia, kama ilivyo kwetu.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Wachina wa kale waliona mwili unatawaliwa na mwezi. Sababu nilikuwa nazo: bahari hujaa na kupwa kwa mwezi, hedhi huhesabiwa kwa mwezi, basi ini na mapafu vitakosaje? Niliwaeleza hivyo hata wenzangu niliokuwa nikisoma nao. Nilikosea kabisa. Hiyo 月 ni nyama.

Nyama huandikwa 肉 (ròu). Ilipobanwa iwe kipande cha herufi nyingine, ilichorwa nyembamba, na wembamba huo ukaifananisha na mwezi. Fikiria mtu anayeandika mbiombio: "u" yake na "n" yake hutoka sawasawa, lakini "nyumba" utaisoma nyumba, kwa kuwa neno lenyewe linakuongoza. Brashi ilizifananisha alama mbili. Msomaji akaendelea kuzitenganisha kwa maana. Kamusi ya mwanazuoni wa Kichina Xu Shen, ya karibu mwaka 100 BK, iliziweka katika mafungu mawili, na ile ya mfalme Kangxi ya 1716 vivyo hivyo. Kamusi nyingi za leo za China bara zimezichanganya katika fungu moja.

Ukishajua hivyo, nusu ya pili ya herufi nayo inafunguka, maana mara nyingi hubeba sauti. Katika 肝, upande wa kulia ni 干, gān: nyama iitwayo gān. Katika 腿 kuna 退, tuì. Sauti hailingani kila mara. 肚 (dù), tumbo, imebeba 土, tǔ.

Mwezi wa kweli hupenda kukaa kulia, kama katika 明, jua na mwezi pamoja, yaani angavu. Lakini usiifanye kanuni. 朋 (péng), ya urafiki, ina 月 mbili, na wataalamu wengi huzieleza kuwa nyuzi mbili za simbi (kauri za baharini) zilizotungwa, si nyama wala mwezi.

Moyo, 心 (xīn), hauna alama ya nyama. Ulichorwa moyo wenyewe.